Bei ya Asiye na Bima: Uchambuzi wa Kisa cha Insulini Minnesota

Tarehe 27 Juni 2017, kijana wa miaka 26 aitwaye Alec Smith, meneja wa mkahawa mmoja, alikutwa amefariki katika nyumba aliyopanga mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Alikuwa na kisukari aina ya kwanza, ambacho mgonjwa wake hana namna ya kuishi bila kujidunga insulini kila siku, na kilichomuua ni ketoasidosisi. Insulini inapokosekana, mwili hushindwa kuitumia sukari iliyojaa kwenye damu, hugeukia mafuta yake wenyewe, na mabaki ya mafuta hayo huitia damu asidi mpaka viungo vinashindwa kufanya kazi. Bima ya afya aliyokuwa akiitumia ilikuwa imekoma mwanzoni mwa mwezi huohuo. Mshahara ulikuwa umebakiza siku tatu uingie.

Kisa hiki kimetajwa mara nyingi bungeni na kwenye vyombo vya habari vya Marekani, hasa kwa sababu mama yake, Nicole Smith-Holt, hakukubali kizikwe pamoja na mwanawe. Kwa kawaida husimuliwa kwa kifupi sana: dawa ilikuwa ghali, kijana akakosa fedha, akafa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaliruka swali ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha jambo lote. Insulini ileile, ya kampuni ileile, inayotolewa na famasi ileile, haikuwa na bei moja. Kulikuwa na bei ya mipango ya serikali, bei ya kampuni kubwa za bima, na bei ya mtu anayeingia dukani na pochi yake tu. Alec alikutana na bei hiyo ya tatu, nayo ilikuwa bei ambayo wanunuzi wakubwa wa insulini nchini humo hawakuwa wakiilipa.

Tuanze na hesabu yake mwenyewe, maana wengi waliposikia habari hizi waliuliza kwa nini hakukata bima. Sheria ya mageuzi ya afya ya mwaka 2010 humruhusu mzazi kubaki na mtoto kwenye bima yake mpaka mtoto afikishe miaka 26, na Alec alifikisha umri huo Mei 2017. Mwajiri wake hakuwa akitoa bima. Kipato chake kilikuwa dola kama 35,000 kwa mwaka kabla ya kodi, ilhali MinnesotaCare, mpango wa jimbo kwa watu wa kipato cha chini, ulikuwa na kikomo cha dola kama 24,000 kwa kaya ya mtu mmoja. Familia ilianza kutafuta bima miezi kadhaa kabla ya siku hiyo ya kuzaliwa. Waliyoipata ilidai dola 450 hivi kila mwezi, na juu ya hapo palikuwa na sharti kwamba mwenye bima alipe kwanza dola 7,600 kutoka mfukoni mwake kila mwaka kabla kampuni haijaanza kuzibeba gharama zake. Kwa mtu asiye na bima kabisa, insulini pamoja na vifaa vyake ilikadiriwa kugharimu karibu dola 1,300 kwa mwezi.

Chukua kalamu. Kuanzia Juni mpaka Desemba ni miezi saba. Bila bima, miezi hiyo saba ingemgharimu dola 9,100. Akiwa na bima, ada peke yake ni dola 3,150, na dola 7,600 za mwanzo za dawa bado ni zake, jumla dola 10,750. Kwa maneno mengine, katika sehemu iliyobaki ya mwaka huo kukata bima kulikuwa ghali kuliko kutokukata, na Januari ikifika hesabu ya dola 7,600 ingeanza upya. Kwa karibu miezi sita ya mwanzo angekuwa analipa bei kamili ya dukani na ada ya bima kwa pamoja, dola 1,750 kila mwezi, kutoka kwenye mshahara usiofika dola 3,000 kabla ya makato. Bila shaka bima ingemkinga na gharama za kulazwa, na mtu makini angeweza kuikata kwa sababu hiyo peke yake. Lakini kwa upande wa dawa, kijana huyu hakukosea hesabu alipoamua kulipa taslimu kwa muda. Familia yake inaamini kwamba baada ya hapo alianza kubania dozi, ili insulini aliyokuwa nayo imfikishe kwenye mshahara.

Kubania dozi ni neno dogo kwa jambo la hatari. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayekunywa kidonge siku moja na kuacha siku ya pili anaharibu afya yake taratibu. Mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza hana nafasi hiyo. Mwili wake hautengenezi insulini ya kutosha kuziba pengo, na kutoka kichefuchefu cha kwanza mpaka kupoteza fahamu zinaweza kupita saa chache au siku moja mbili. Mtu anayeishi peke yake anaweza kuamini kwamba amepata mafua ya tumbo.

Lipo pia swali la insulini ya zamani, ambalo husemwa kwa sauti ya mtu aliyegundua siri. Duka la Walmart limeuza kwa miaka mingi insulini ya kibinadamu kwa dola kama 25 kwa chupa, na katika majimbo karibu yote mtu anaweza kuinunua bila cheti cha daktari. Ni kweli, na kwa baadhi ya watu imekuwa mwokozi. Hata hivyo si kitu kimoja na ile ambayo wagonjwa wengi wa Marekani hupewa. Insulini za kisasa, ambazo huko hutolewa kwa cheti tu, zimetengenezwa ili zianze kazi haraka mara mtu anapoanza kula, au zitulie mwilini mchana na usiku. Ile ya zamani ya kabla ya chakula lazima idungwe kama nusu saa kabla ya kula, na ile ya muda mrefu ina kilele cha nguvu kinachoweza kumshusha mtu sukari usiku akiwa amelala. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine anahitaji mtu wa kumpangia dozi upya, na huyo ni daktari, ambaye naye ni gharama kwa asiye na bima. Nimeona watu wakiijadili chupa ya dola 25 kana kwamba mgonjwa aliikataa kwa kupenda anasa. Mgonjwa aliyezoeshwa dawa moja, asiyeambiwa na yeyote kwamba nyingine ipo wala jinsi ya kuitumia, hajakataa kitu.

Sasa tuje kwenye bei. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1923 Frederick Banting na wenzake wawili waliuza hati miliki kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isihodhiwe na mtu. Miaka zaidi ya 70 baadaye, mwaka 1996, kampuni ya Eli Lilly iliingiza sokoni Humalog, mojawapo ya zile insulini za kisasa, kwa dola 21 kwa chupa. Kufikia mwaka 2017 chupa ileile ilikuwa dola 275 hivi. Haikubadilishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ Global Health ulikadiria kwamba insulini za aina hii za kumtosha mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima zingeweza kutengenezwa na kuuzwa, faida ikiwemo, kwa kati ya dola 78 na 133. Gharama za kiwandani, basi, hazielezi bei hiyo hata kwa mbali.

Inaelezwa na dalali. Nchini Marekani, kampuni za bima na waajiri huwapa mawakala kazi ya kusimamia mafao ya dawa, na mawakala watatu, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, wanashughulikia karibu asilimia 80 ya malipo ya dawa za cheti nchini. Wakala ndiye anayepanga orodha ya dawa ambazo bima italipia. Kwa kuwa insulini ya kampuni moja inaweza kukaribiana sana na ya kampuni nyingine, wakala ana nguvu ya kumwambia mtengenezaji: nipe marejesho makubwa, yaani nirudishie sehemu ya bei, la sivyo naweka ya mwenzako. Marejesho hayo huhesabiwa kwa asilimia ya bei iliyotangazwa. Hapo ndipo mkia unapoanza kumtikisa mbwa. Mtengenezaji anayeuza chupa kwa dola 100 na kurejesha dola 5 anabaki na dola 95. Anayeitangaza kwa dola 300 na kurejesha dola 200 anabaki na dola 100, na wakala atampenda huyu wa pili, kwa sababu ana dola 200 za kuwaonyesha wateja wake kama ushindi, na mara nyingi sehemu yake inabaki mikononi mwake. Hiyo ni mifano yangu ya kurahisisha, lakini takwimu halisi zinaelekea hukohuko. Ripoti iliyotolewa Januari 2021 na maseneta Chuck Grassley na Ron Wyden ilionyesha kwamba Sanofi, ili insulini yake ya Lantus ipewe nafasi nzuri kwenye orodha ya wakala mmoja mkubwa, ilikuwa ikitoa marejesho ya asilimia 2 mpaka 4 mwaka 2013, na mwaka 2018 marejesho yalifika mpaka asilimia 56. Eli Lilly nayo ilieleza kwamba kati ya mwaka 2014 na 2018 bei ya Humalog iliyotangazwa ilipanda kwa karibu asilimia 52, ilhali fedha iliyobaki kwa kampuni baada ya marejesho ilishuka kwa asilimia 8.

Takwimu hiyo ya mwisho kampuni iliitoa kama utetezi, nami naisoma kama ushahidi dhidi ya mfumo mzima, kampuni yenyewe ikiwemo. Inasema kwamba bei ilipanda kwa nusu zaidi na mtengenezaji hakupata zaidi kwa kila mgonjwa. Basi ni nani aliyelipa bei ile mpya? Serikali kupitia Medicaid, bima yake kwa watu wa kipato cha chini, ina marejesho yake ya kisheria. Kampuni za bima zina wakala. Waliobaki ni wale wenye bima ambao bado hawajamaliza sehemu yao ya mwaka, na wale wasio na bima kabisa, ambao hawana wakala wa kuwatetea wala hawapewi marejesho na mtu. Bei iliyotangazwa ilipandishwa ili iwepo nafasi ya kumpunguzia mwenye nguvu, na yule asiye na nguvu akaachiwa kuilipa nzima. Katika soko la Kariakoo, bei ya kwanza anayotaja muuzaji inajulikana kuwa ni mwanzo wa mazungumzo. Kwenye famasi ya Minneapolis mgonjwa alitajiwa bei ya mwanzo wa mazungumzo, na mazungumzo yenyewe yalikuwa yamekwisha kufanyika kwingine bila yeye.

Kampuni zilikuwa na programu za msaada kwa wasiojiweza. Siwezi kuzidharau, kwa sababu zipo familia zilizosaidiwa. Ila msaada wa namna hiyo huhitaji mtu ajue kwamba upo, ajaze fomu, aambatishe uthibitisho wa kipato, apate saini ya daktari, kisha asubiri. Mtu ambaye chupa yake ina dozi za siku nne hana muda wa kusubiri barua.

Pengo hilo la siku chache ndilo lililolengwa na sheria ya Minnesota yenye jina la Alec Smith, iliyotiwa saini na Gavana Tim Walz tarehe 15 Aprili 2020 baada ya kukwama katika kikao cha mwaka uliotangulia, na kuanza kutumika Julai 1 mwaka huo. Mkazi wa jimbo ambaye amebakiwa na insulini isiyofika siku saba, na ambaye hayumo kwenye mpango wa afya wa serikali ya jimbo wala kwenye bima inayomwekea kikomo cha dola 75 kwa mwezi, anaweza kwenda famasi na cheti cha daktari, akajaza fomu, akapewa insulini ya siku 30 kwa malipo yasiyozidi dola 35. Haki hiyo ni mara moja kwa miezi 12. Baada ya hapo, mwenye kipato kisichozidi mara nne ya kiwango cha umaskini anaweza kuomba ugavi wa mwaka mzima, akilipa si zaidi ya dola 50 kwa kila siku 90. Kama sheria ilivyotungwa mwaka 2020, gharama ilirudi kwa mtengenezaji, na kampuni inayokataa hutozwa faini inayoanzia dola 200,000 kwa mwezi.

Uzuri wa sheria hii ni kwamba inamkuta mgonjwa mahali alipo, yaani dirishani kwa mfamasia. Udhaifu wake ni kwamba haikugusa bei. Iliiacha ilivyo, ikafungua mlango mdogo wa dharura pembeni, na mlango wenyewe una masharti. Neno "mkazi", kwa mfano, lina uzito kwa Wakenya na watu wengine wa Afrika Mashariki walio wengi katika vitongoji kama Brooklyn Park: mama aliyekuja kumtembelea mwanawe kwa miezi mitatu na insulini yake ikaharibikia njiani si mkazi, na sheria haimhusu. Kwa anayeishi pale, kitambulisho au leseni ya jimbo ndiyo inayothibitisha ukazi, na ni tangu Oktoba 2023 tu ndipo Minnesota ilipoanza tena kutoa leseni za udereva bila kuuliza hadhi ya uhamiaji. Kabla ya hapo wapo watu waliotimiza kila sharti la sheria isipokuwa kadi mfukoni.

Usiku wa kuamkia siku ya utekelezaji, chama cha watengenezaji dawa, PhRMA, kilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho kikidai kwamba kulazimisha kampuni kutoa dawa bila fidia ni kunyang'anya mali kinyume na Katiba. Kesi ilitupwa mwaka 2021, kisha mahakama ya rufaa ikaifufua mwaka 2023. Huko kwingine, majimbo zaidi ya 20 yalipitisha vikomo vya malipo ya insulini, lakini kwa wenye bima zinazosimamiwa na jimbo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2022 ikaweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa walio kwenye Medicare, yaani wazee na baadhi ya walemavu. Ukizisoma sheria hizi mfululizo unaona jambo la kushangaza: karibu zote zilitungwa vifo vya wasiokuwa na bima vikitajwa kama sababu, na karibu zote zikawapa nafuu wenye bima.

Bei yenyewe ilianguka mwaka 2023. Tarehe 1 Machi Eli Lilly ilitangaza kuipunguza Humalog kwa asilimia 70 na kuishusha lispro, yaani Humalog ileile isiyo na jina la biashara, mpaka dola 25 kwa chupa. Katika wiki mbili hivi zilizofuata Novo Nordisk na Sanofi zikatangaza punguzo la mpaka asilimia 75 na 78, kuanzia Januari 2024. Kelele za akina mama kama Smith-Holt zilichangia, sina shaka. Lakini tarehe ile ya Januari 2024 ina maelezo mengine, makavu zaidi. Sheria ya Medicaid humtoza mtengenezaji marejesho ya ziada pale anapopandisha bei kupita mfumuko wa bei, na kwa miaka mingi marejesho hayo hayakuruhusiwa kuzidi bei ya dawa yenyewe. Kifungu kimoja katika sheria ya uokoaji wa uchumi ya Machi 2021 kiliondoa kizuizi hicho kuanzia Januari 1, 2024. Kwa dawa iliyopandishwa bei kwa zaidi ya miaka 20, maana yake ni kwamba kampuni ingelazimika kuilipa serikali fedha zaidi ya thamani ya kila chupa inayotumiwa na mgonjwa wa Medicaid. Kushusha bei kukawa ni kuokoa fedha. Kifungu hicho hakikutajwa kwenye maandamano yoyote niliyosoma habari zake, na huenda kimemsaidia asiye na bima kuliko sheria nyingi zilizobeba picha za marehemu.

Nafuu hiyo haikuja bila hasara. Mwishoni mwa mwaka 2023 Novo Nordisk ilitangaza kuiondoa Levemir, insulini yake ya muda mrefu, kwenye soko la Marekani, na walioizoea wakalazimika kuhama. Februari 2024 Minnesota ilifikia makubaliano na Eli Lilly katika kesi iliyofunguliwa na mwanasheria mkuu wa jimbo mwaka 2018, na kampuni ikajifunga kuwauzia wanaolipa taslimu kwa dola 35 kwa mwezi kwa miaka mitano. Haya yote ni ya insulini tu. Dawa nyingine za cheti ambazo bei zake zimejengwa kwa marejesho ya namna ileile hazikuguswa, na mwaka 2023 sensa ya Marekani ilihesabu watu zaidi ya milioni 26 wasio na bima.

Turudishe wiki ya mwisho ya Juni 2017 kwa masharti ya leo, mshahara na tarehe zibaki vilevile. Alec anaingia famasi akiwa na cheti cha daktari na chupa isiyomaliza wiki. Sheria inamtaka mfamasia ampe karatasi ya maelezo, kwa hiyo hata kama hajawahi kusikia kuhusu mpango huu, kuna mtu anayepaswa kumwambia. Anaonyesha leseni ya Minnesota, anajaza fomu, analipa dola 35. Au hajazi chochote, ananunua lispro kwa dola 25 kwa chupa, na chupa tatu zinakuwa dola 75. Siku ya mshahara inamkuta na insulini ya zaidi ya wiki tatu kwenye jokofu.